Bi Magego na Jino la Mbele

Kabla hajaitwa Bi Magego alikuwa binti wa mchinjaji. Nyumba yao na machinjio vilitenganishwa na ukuta mmoja, na asubuhi zake zote za utotoni zilianza kwa mlio wa ng'ombe aliyekwisha kunusa damu ya mwenzake. Kazi yake ilikuwa kuchemsha vichwa kwenye pipa mpaka nyama iachie mfupa. Huko ndiko alikojifunza meno. Siku moja alimwambia baba yake kwamba mbuzi hana meno ya mbele upande wa juu, ana ufizi mgumu tu.

"Basi afadhali mbuzi," baba akamjibu huku ananoa kisu. "Wewe unayo yote, na bado kazi yako kuongea."

Kwa mzee yule mwenye mkono mzito, hilo lilikuwa neno la upole.

Alipoolewa, mkono mzito ukahamia kwa mume. Alikuwa utingo wa lori, mcheshi mbele za watu, simba chumbani. Mwaka wa nne wa ndoa alimpiga chupa ya mdomo kwa sababu ya chai iliyopoa. Meno mawili yakadondoka. Akayaokota, akayasuuza, akayafunga kwenye kitambaa kana kwamba ni vitu atakavyovihitaji baadaye, akambeba mgongoni binti yake mchanga na kutoka, mlango akauacha wazi. Mume alimfuata mara mbili kwa dada yake alikokimbilia. Mara ya pili dada mtu, mwanamke mfupi asiyeua hata nzi, alimmwagia sufuria ya maji yaliyokuwa yanachemka, kuanzia kifuani hadi magotini. Yule bwana hakuja tena.

Dada ndiye aliyemtafutia kazi ya kufagia kwenye jengo la makumbusho. Akapangiwa ghorofa ya chini, kwenye chumba cha visukuku, yaani mifupa ya wanyama wa kale iliyogeuka mawe. Makabati ya chuma yalisimama kuta zote nne, na kila droo ilijaa vijisanduku vyenye pamba. Mwezi wa tatu ufagio wake ulinasa kwenye mguu wa meza, trei ikapinduka, meno arobaini yakamwagika sakafuni. Alijua kibarua kimeota nyasi. Akapiga magoti, akaanza kuyarudisha, kila moja kwenye kijisanduku chake. Mkuu wa chumba kile, ambaye wote walimwita Daktari, alipoingia na kuyakagua, hakukuta lililokosewa. Isipokuwa moja.

"Hili umeliweka siko," akasema.

"Samahani, Daktari. Mwanzo ndilo lilikuwa siko. Hili ni la taya la chini."

Daktari akaligeuza, akalisogeza dirishani, akaligeuza tena. Wiki iliyofuata alimpa sindano, brashi na chupa ya gundi, na ufagio akapewa mtu mwingine. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye meza ile akiondoa udongo kwenye meno punje kwa punje, na jina la Bi Magego likamganda hata binti yake akawa anamtania nalo.

Meno yalikuwa yakimjia kutoka kwa mtu mmoja hasa. Huyo alikuwa msimamizi wa wachimbaji, mrefu, mkavu kama ukuni, aliyeitwa Sururu kwa sababu hakuna aliyemwona bila sururu mkononi. Sururu hakusoma sana, lakini jicho lake lilikuwa la mwewe. Akiona kipande cha jino kinachungulia kwenye mtaro, hakukigusa. Alikifunga pamoja na udongo wake kwa gunia na plasta, likawa ganda gumu kama donge la ugali lililolala, kisha juu yake akaandika kwa kalamu nene ni nini kilichomo. Ganda likafika kwa Bi Magego, naye akalipanga rafuni kulingana na maandishi mpaka zamu yake ya kufunguliwa ifike.

Tatizo lilikuwa hayo maandishi.

Kila mtu aliandika alivyoona. Mmoja akisema "jino refu" alikuwa na maana kwamba limesimama juu sana kutoka kwenye ufizi. Mwingine alikuwa na maana kwamba ukilipima kufuata safu ya meno, kutoka mwanzo wake hadi mwisho, linachukua nafasi kubwa. "Upande wa kulia" ulikuwa wa kulia kwa mnyama au kwa wewe unayemtazama usoni? "Juu ya jino" ilikuwa balaa zaidi, maana jino la taya la juu limening'inia kichwa chini, mzizi ndio uko juu na sehemu ya kutafunia iko chini. Bi Magego alimlalamikia Daktari mara nyingi. Daktari alicheka tu. "Sisi wenyewe tunajuana," alisema.

Msimu mmoja Sururu aliona kwenye mtaro wa saba jino ambalo hata yeye lilimtoa jasho. Lilikuwa gego, lile la kwanza kabisa katika safu ya magego, pana, lenye vilele ambavyo hakuwahi kuviona. Mtaalamu mgeni aliyekuwa ziarani siku hiyo aliliona kwa macho yake kabla halijafungwa, akapiga kelele kama mtoto. Sururu akalifunga, akaandika: JINO LA MBELE, REFU, JUU, KULIA. MTARO WA SABA. Akalipeleka, akarudi mtaroni.

Baada ya siku kumi mgeni alikuja kulitaka. Daktari akamwita Bi Magego.

"Lete gego la mtaro wa saba."

Bi Magego akatazama daftari. Akatazama rafu ya magego. "Mtaro wa saba haujaleta gego, Daktari. Umeleta jino la mbele tu."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Gego halipo."

Alisema hivyo mbele ya mgeni, mbele ya mkuu wa makumbusho, na mbele ya mkuu wa walinzi, aliyependa kuitwa Afande. Alisema kwa sauti ya mtu mwenye daftari mkononi. Maji yakimwagika hayazoleki, na yale yalimwagika pale pale. Mgeni akasema gego ameliona kwa macho yake. Mkuu wa makumbusho akasema basi kuna mtu amelificha ili aliuze. Afande akafunga mkanda wake tundu moja zaidi.

Sururu aliletwa saa nne asubuhi. Stoo ya plasta ilipakana na chumba cha visukuku, na ukuta wake ulikuwa wa mbao. Bi Magego alisikia kiti kikiburutwa. Akasikia Sururu akisema, "Nililikabidhi, ndugu zangu, muulizeni Bi Magego." Halafu akasikia mlio ambao aliujua tangu chumba chake cha ndoa.

Akaenda kugonga mlango. Afande akaufungua kiasi cha kutoa uso.

"Rudi kwenye meno yako, mama."

Chini ya kwapa la Afande alimwona Sururu sakafuni, mikono imefungwa nyuma kwa waya wa umeme, plasta nyeupe imemjaa usoni na damu inachora njia katikati yake. Mlinzi wa pili alishika mpini wa koleo. Bi Magego akapiga yowe, akausukuma mlango kwa bega. Afande akampiga kofi lililomwangusha juu ya magunia, kisha mlango ukafungwa kwa komeo.

Alipanda ngazi mbio mpaka kwa mkuu wa makumbusho. "Wanamuua mtu kule chini!"

"Wanamhoji," mkuu akasema bila kuinua macho. "Kaa chini, unywe maji."

Walimhoji kwa dakika arobaini. Walipomtoa walimbeba kama zulia. Taya lilikuwa limevunjika mahali pawili, mbavu tatu zimeingia ndani, na jicho la kushoto halikuwa jicho tena. Hakukiri kitu, kwa sababu hakuwa na cha kukiri. Walinzi wote watano wakaandika kwamba ameanguka kwenye ngazi. Meno ya mbwa hayaumani.

Siku mbili Bi Magego hakula. Hakuwa anafikiria gego, alikuwa anafikiria ile sauti yake mwenyewe: *gego halipo*. Siku ya tatu asubuhi, akiwa bado kitandani, maandishi ya Sururu yakamjia kama mtu aliyewasha taa. Jino la mbele. Refu. Akavaa kanga yake juujuu, akaenda, akafungua chumba kabla ya walinzi kubadilishana zamu. Kwenye rafu ya meno ya mbele, yale ya kukatia, ganda lilikuwepo palepale alipoliweka kwa mkono wake. Akalipasua kwa msumeno. Ndani, likiwa limelala kwenye udongo mwekundu, kulikuwa na gego kubwa lenye vilele vinne.

"La mbele," akasema peke yake. "La mbele katika magego."

Alilipeleka hospitalini likiwa kwenye kijisanduku cha pamba. Taya la Sururu lilikuwa limefungwa kwa nyaya, nusu ya uso imefunikwa bandeji. Mkewe alikuwa ameketi miguuni pake. Bi Magego akafungua kijisanduku. Sururu akalitazama jino kwa jicho moja, akamtazama yeye, kisha akaokota bakuli la chuma la uji na kumrushia kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Lilimpasua juu ya nyusi. Muuguzi akamtoa nje damu inamchuruzika mpaka shingoni.

Jumamosi iliyofuata alirudi. Mke wa Sururu hakumpa kiti, naye Bi Magego akasimama. Jumamosi ya tatu akasimama tena. Wakati huo tayari alikuwa amemwambia Daktari, na Daktari amemwambia mkuu, na mkuu amesema jambo hili lizungumzwe kwa utaratibu. Afande alikuwa bado yuko getini na rungu lake, anapokea salamu.

Sururu alikuwa na mdogo wake, mwashi wa nyumba, kijana mwenye mabega kama mlango. Huyo hakuwa mtu wa utaratibu. Alikuja Jumatatu mchana, mtaimbo mkononi, akavuka barabara polepole kama mtu anayekwenda kibaruani. Bi Magego alikuwa anatoka kwenda kununua sindano. Alimtambua kwa ule urefu wa shingo unaofanana na wa kaka yake.

"Mwanangu, usifanye hivyo," akamwambia akijitia katikati. "Jino limeonekana. Kaka yako amesafishwa jina."

"Na jicho limeonekana?"

Akamsukuma. Mtaimbo, katika kupanda, ulimgonga Bi Magego begani, mfupa wa mtulinga ukalia kama kijiti. Pigo la pili lilimwendea Afande pale getini. Lilimpata mdomoni, akaanguka chali, kofia ikabingirika mpaka barabarani. La tatu likavunja mkono alioinua kujikinga. La nne liliikosa sura yake kwa inchi moja na kuchimba saruji, kwa sababu madereva wawili wa teksi walikuwa wamekwisha mrukia mwashi kwa nyuma. Aliendelea kupiga hewa akiwa chini ya watu sita, analia kwa sauti kubwa, anamwita kaka yake.

Meno ya Afande yalikuwa kwenye saruji, matatu. Bi Magego alijikuta amepiga magoti, mkono mmoja umekufa ganzi. Aliyatambua kabla hajafikiri: la kwanza la juu kulia, kulia kwake yeye, la pili lake, na chonge. Chonge lilivunjika, lakini yale mawili yalitoka na mizizi mizima. Aliyashika upande wa kutafunia asiguse mzizi, kama alivyosoma mahali, akamwambia mwenye duka la jirani, "Nipe maziwa. Haraka, acha kushangaa!" Akayatia kwenye kikombe, akakiweka kwenye mkono mzima wa Afande.

Afande akamtazama. Mdomo wake ulikuwa pango la damu.

"Usiyamwage," Bi Magego akasema. "Daktari wa meno akiwahi, yatashika."

Moja lilishika. Kwa miaka mingi baadaye, watu walipomuuliza kwa nini alifanya vile, alisema hajui, na kwamba kama angepata muda wa kufikiri pengine angeyakanyaga.

Kesi zilisikilizwa mwaka uliofuata. Bi Magego alipanda kizimbani, bega limeponea upande. Wakili wa makumbusho alikuwa kijana mwenye adabu nyingi.

"Kwa hiyo, mama, unakubali kwamba chanzo cha yote haya ni neno lisiloeleweka. Kwamba hapakuwa na nia mbaya. Neno 'mbele' tu."

"Chanzo cha jino kupotea ni neno," akajibu. "Chanzo cha jicho kupotea ni mkono. Neno halijawahi kumfunga mtu mikono kwa waya."

Hakimu akaandika. Hata hivyo Afande alipata mwaka mmoja na nusu, na mwashi alipata miaka mitatu, kwa sababu yeye alitumia chuma. Mkuu wa makumbusho alihamishiwa ofisi yenye dirisha kubwa zaidi.

Sururu alianza kusema na Bi Magego Jumamosi moja, akiwa amekwisha kurudishwa nyumbani kwake. Taya lilikuwa limefunguliwa nyaya zamani, lakini maneno bado yalimtoka kwa ubavu wa mdomo.

"Kwako wewe, mbele maana yake nini?"

"Midomoni. Meno ya kukatia."

"Mnyama akitembea, jino lipi linatangulia? Ukiwa na safu, kila jino lina mbele yake."

"Safu inapinda, kaka. Ikifika midomoni, mbele inageuka kuwa pembeni."

Sururu akafikiri. "Basi neno hilo ni bovu. Litupwe."

"Hilo ndilo nililojia."

"Sikiliza, Bi Magego. Nitafanya kwa ajili ya maneno. Sikusamehe."

"Sijaomba," akasema, ingawa ndani alikuwa anaomba.

Wakafanya kazi ile mwaka mzima, nyumbani kwa Sururu, juu ya meza yenye taya la ng'ombe na taya la mbwa. Mke wa Sururu alimletea Bi Magego kreti tupu ya soda ya kukalia. "Mbele" wakaitupa, wakaandika *upande wa kati*: kule ambako safu ya kulia na ya kushoto zinakutana, ukifuata mpindo wa safu na si pua ya mnyama. Upande wa pili ukaitwa *upande wa koo*. "Nje" ikawa *upande wa shavu*, "ndani" ikawa *upande wa ulimi*. "Refu" wakaigawa: *urefu* ni kufuata safu, *kimo* ni kusimama kutoka ufizini. Juu na chini vikafa, vikazaliwa *upande wa mzizi* na *upande wa kutafunia*. Kulia ni kulia kwa mnyama, siku zote, hata akiwa amekufa miaka milioni kumi. Ukuta mwembamba unaozunguka jino karibu na ufizi wakauita *mshipi*, na wakaongeza kwamba usichanganywe na ukingo, kwa sababu ukingo unaunganisha kilele na kilele.

Waligombana. Mara moja waligombana vibaya. Gego la chini la wanyama wengi wa kale lina sehemu mbili: moja imeinuka na vilele vitatu, nyingine imelala nyuma yake na ina shimo katikati. Daktari alitaka sehemu hiyo ya nyuma iitwe kisigino, kama wenzake wa vitabuni.

"Jino halina mguu," Sururu akasema.

"Ndivyo wanavyosema wote," Bi Magego akamjibu.

"Wote ndio walionitoa jicho!" Akapiga meza kwa ngumi, taya la mbwa likaruka na kupasuka sakafuni. Mkewe akaingia mbio. Bi Magego alikuwa ameshainua mkono kuficha uso wake, kama zamani. Sururu aliuona ule mkono. Akakaa. Akainama, akaanza kuokota vipande vya taya.

"Kilele cha gego la juu kinaingia wapi mnyama akifunga mdomo?" hatimaye akauliza kwa sauti ndogo.

"Humo shimoni. Kinatwanga."

"Basi ni kinu. Kila mwenye jiko anajua kinu."

Akaandika *kinu*, na Daktari alipokataa, Bi Magego alimwambia kwamba basi yeye akapokee maganda mwenyewe. Kinu kikabaki. Kijitabu kilichapishwa kikiwa na maneno sitini na moja, jina la Sururu likatangulia, na nakala yake ikafungwa kwa kamba kwenye kila kabati.

Mwashi alipotoka gerezani alikuwa amekonda, ana kovu jipya shavuni ambalo hakulieleza. Alikuja kwenye chumba cha visukuku mchana kweupe, akasimama mlangoni, mikono wazi ili aonekane hana kitu.

"Nataka kuliona," akasema.

Bi Magego akafungua droo, akamwekea gego kiganjani. Mwashi akalitazama. Likatosha katikati ya kiganja, na nafasi ikabaki.

"Hiki tu?"

"Hiki tu, mwanangu."

Vidole vyake vikakunjika juu ya jino, mishipa ya mkono ikasimama. Bi Magego alijua mkono ule unaweza nini, na alijua kwamba akipiga kelele walinzi wapya watakuja na rungu jipya. Akangoja. Kwenye barabara gari lilipiga honi mara tatu. Vidole vikafunguka kimoja kimoja.

"Nilikugonga bega siku ile," mwashi akasema. "Kule ndani nililifikiria zaidi kuliko mdomo wa yule."

"Linaniuma kwenye baridi."

"Pole, mama."

"Asante."

Akamrudishia jino, na Bi Magego akalilaza kwenye pamba yake. Kisha mwashi akatoa mfukoni mwa suruali kitu alichokuja nacho: bawaba mpya mbili. Kaka yake alikuwa amemwambia kwamba mlango wa stoo ya plasta, ile aliyofungiwa na kupigwa, umelegea. Akaung'oa mlango wote, akauegemeza ukutani. Bi Magego akamuuliza kama anataka bisibisi.

"Usiurudishe," akabadili mawazo kabla mwashi hajajibu. "Peleka ukawe kuni. Stoo hii itakaa wazi."

Mwashi akautia mlango begani na kuondoka nao.